Shingo ya Ekiru

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa miaka ya tisini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikiwa bado changa, nami msichana mwenye miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Miguu imechoka; mdomo unausikia mwenyewe.

Kaka yangu Ekiru alirudi kutoka malishoni na homa. Kichwa kilimgonga, akatapika, akajifunika shuka usoni akilia kwamba mwanga wa mlangoni unamchoma macho. Shingo ilikuwa imekaza kama gogo. Tulicheka! Wanaume wetu hulala wameegemeza shingo kwenye ekicholong, kile kigoda cha mti wanachotembea nacho, na baba akasema, "Amelalia kigoda vibaya. Msugueni." Tukamsugua mafuta ya mkia wa kondoo kutwa nzima. Jioni akaanza kumwita mama kwa jina la mbuzi, na hapo hakuna aliyecheka tena.

Lori la mfanyabiashara Msomali lilitufikisha mjini Lodwar, kaka amelazwa juu ya magunia. Hospitalini, daktari, mwanamke kijana, aliweka kiganja kisogoni mwa Ekiru akajaribu kukiinua kichwa. Mwanangu wee! Kidevu hakikusogea kifuani. Mgongo mzima uliinuka pamoja na kichwa.

"Haya si ya kigoda," akasema. "Nashuku homa ya uti wa mgongo. Lazima nitoe maji kidogo mgongoni niyapime."

Mama akasimama katikati. "Hapana! Waliochomwa mgongo wote nimewazika."

"Mama, hao waliuawa na ugonjwa, si sindano. Waliletwa wamechelewa. Huyu bado anapumua."

Mama akanitazama. Nikamwambia, "Mama, mwache afanye." Akasogea kando, nami nikamlaza Ekiru ubavu, magoti tumboni, nikamkumbatia asitikisike. Sindano ikaingia kiunoni, matone yakadondoka kichupani. Maji ya mtu mwenye afya, daktari alisema, huwa maangavu. Ya kaka yangu yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Tangu nizaliwe sikujua kwamba ndani ya mtu mna kijito, na kwamba kinaweza kuchafuka.

Dawa ilianza kuingia mshipani hapo hapo, bila kungoja maabara. Siku zikapita, mama hali wala habanduki kando ya kitanda. Asubuhi moja Ekiru akageuza shingo, akageuza, mwanangu! Akauliza, "Chai iko?" Mama alipiga vigelegele hadi wauguzi wakaja mbio. Lakini sikio lake moja halikusikia tena kamwe. Ndiyo bei ya ile kutwa ya kusugua.

Basi nakwambia waziwazi. Homa ikija na maumivu makali ya kichwa, shingo ikagoma kuinama, mwanga ukaumiza macho au mtu akaropoka, usikae kubahatisha nyumbani. Mtoto mchanga huenda shingo isikaze. Yeye hulegea, hukataa kunyonya, utosi ukavimba. Mbio hospitalini. Wakiomba maji ya mgongo, wape. Wahenga walisema kawia ufike, lakini ugonjwa huu haumngoji mwenye kukawia.

Akuj, Mungu wetu, akulinde wewe na wanao. Ninyi mnizike mimi. Mimi nisiwazike ninyi.