Mwenyekiti wa Vijana Mwenye Wajukuu Wanne

Mtu mwenyewe amekula chumvi nyingi. Ana wajukuu wanne, meno mawili ya kubandika na goti moja linalotabiri mvua, lakini mtaa mzima unamwita Kijana. Wateja wake, wengi wao washonaji, humletea cherehani zilizogoma na kumwambia, "Kijana, hii inaruka mishono." Naye huinamia mashine, miwani ikining'inia puani, hufungua kibati cha chini na kutoa donge la nyuzi na vumbi, hudondoshea mafuta matone mawili, kisha huzungusha gurudumu kwa mkono huku amefumba macho. Anasikiliza. Akishaguna mara moja ujue ugonjwa umepatikana. Wajukuu nao humwita Babu Kijana, na hakuna anayeona ajabu.

Jina hilo alilipata chamani. Alichaguliwa mwenyekiti wa vijana wa tawi akiwa na miaka thelathini, nywele kichwa kizima, na tangu hapo hakutokea wa kumpokea. Kila uchaguzi ukifika, Mwenyekiti wa tawi, mkunga mstaafu anayesinzia mikutanoni lakini hoja haimpiti, huuliza, "Wanaotaka Kijana aendelee?" Wote huitikia "Ndiyo!" kwa sauti moja, halafu chai inamiminwa. Swali la "wasiotaka?" halikuwahi kuulizwa. Haikuwa hila, lilionekana tu kama kukosa adabu.

Ofisi ya tawi ni chumba kimoja chenye mabenchi manne na sakafu ya udongo. Matofali yake Kijana aliyabeba begani, dirisha alilipachika kwa mkono wake, na kila Jumamosi asubuhi hufagia, hunyunyiza maji vumbi litulie, kisha hukaa mlangoni kungoja watu. Zamani walikuja mpaka wengine wakasimama nje. Siku hizi wakija tisa, anashukuru. Wengine wamezikwa, wengine wamehamia kwa watoto wao, na mmoja huja ila anadhani bado ni mkutano wa mwaka ule wa mafuriko.

Basi wiki moja ikaja barua kutoka wilayani. Orodha zote za wanachama ziandikwe upya kwa kompyuta, na tawi lolote lisilo na wanachama kumi walio chini ya miaka thelathini na tano litaunganishwa na tawi la jirani mwisho wa mwezi. Ofisi yake itafungwa. Katibu, mwalimu wa zamani mwenye mwandiko wa kuonea raha, aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, barua ikabaki vilevile.

"Anza na fomu," alimwambia Kijana. "Mpelekee binti yako achape. Mengine tutayajua."

Binti huyo ni kitinda mimba wake, anafanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa nakala. Mtoto mwenye mdomo, kama mama yake. Alipokea lile rundo la fomu za miaka na miaka, akaanza kugonga herufi huku baba yake amekaa kwenye stuli akipulizwa na hewa ya moto ya mashine. Ghafla vidole vikasimama.

"Baba, una miaka mingapi?"

"Sitini na moja. Kwani umesahau?"

"Hapa umeandikwa thelathini na nne." Akafunua fomu ya mwaka uliotangulia. "Na hapa. Na hapa." Akafunua nyingine, na nyingine, mpaka zikamwishia mkononi. "Baba, una miaka thelathini na nne kwa mwaka wa ishirini na saba sasa! Mimi nina ishirini na tisa. Yaani ulinizaa ukiwa na miaka mitano?"

Duka zima likacheka, hata mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akaharibu pozi. Kijana naye alicheka mpaka machozi yakamtoka. Maelezo yalikuwa mepesi. Katibu alipoanza kazi aliijaza fomu ya kwanza kwa uangalifu mkubwa, na kwa kuwa ni mtu wa kufuata kumbukumbu, kila mwaka alinakili ya mwaka uliopita, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Hakumwonea mtu wala kumpendelea. Wanachama wote walikuwa wamesimama kwenye umri wao wa siku ile, na wawili kati yao walikuwa marehemu.

Kicheko kilipoisha, Kijana aliona jambo ambalo hakulipenda. Kwa mujibu wa karatasi, tawi lilikuwa na vijana kumi na mmoja. Kwa mujibu wa macho, halikuwa na hata mmoja.

Mwenyekiti alipoambiwa, hakusita. "Acheni ilivyo," alisema. "Ng'ombe hazeeki maini. Nani wa wilayani atakuja kutuhesabu mikunjo?"

Si siri, Kijana alishawishika. Usiku kucha aligeuka geuka kitandani. Asubuhi mkewe, aliyekuwa amenyimwa usingizi na mageuko hayo, alimpa kikombe cha chai na neno moja: "Mume wangu, njia ya mwongo ni fupi, na wewe goti lako hata hiyo fupi haliiwezi." Kijana akaenda dukani, akamwambia binti aandike ukweli wote, wa walio hai na wa waliokufa. Kisha, kwa kuwa alikuwa palepale, akapiga moyo konde.

"Ingia wewe, mwanangu. Na wenzako. Wewe una watu. Juzi nimekuona hapo barazani na kundi zima."

"Tunazungumzia mfereji, baba."

Mfereji ulikuwa ule wa nyuma ya nyumba zao, usio na mifuniko. Mvua ikinyesha maji machafu yaliingia majikoni, na mwezi uliopita mtoto wa jirani alitumbukia akavunjika mkono. Binti na wenzake walikuwa na kundi lao kwenye simu, watu mia mbili, hawana kadi, hawana sare, hawana mwenyekiti. Aliyekuwa na wazo aliandika, aliyekuwa na koleo alilileta.

"Sasa si ndiyo hayo hayo mambo ya chama?" Kijana aliuliza.

"Hapana, baba. Nyinyi mnaanza na kadi, halafu mnatafuta shida ya kuitumia. Sisi tunaanza na shida."

Maneno hayo yalimchoma. Alirudi kwenye meza yake ya kazi, akaifungia cherehani ya mteja sindano kinyume, kosa ambalo hajalifanya tangu ujana wake wa kweli, na mteja akairudisha mchana huohuo akimtazama kwa huruma. Aliumia, tena sana. Alifikiri juu ya matofali begani, juu ya wenzake waliozikwa, na mtoto aliyemlisha na kumsomesha akimwambia yote yale yalikuwa kadi iliyokosa shida.

Lakini mtu anayefungua mashine za watu hujizoeza kutolaumu uzi kabla hajaangalia mahali pengine. Siku mbili baadaye, akiwa ameshika bobini ya uzi wa chini, akajiuliza: hivi mimi niliingia chama kwa nini? Hotubani alikuwa akisema aliingia kwa imani. Ukweli ni kwamba tawi lilikuwa na mpira. Mpira wa ngozi, wa pekee mtaani, na asiye mwanachama alikuwa haugusi. Imani ilikuja baadaye, polepole, alipokuwa tayari amezoea kwenda. Akacheka peke yake mpaka fundi viatu wa meza ya pili akamuuliza kama yu mzima.

Wiki iliyofuata binti alikuja mwenyewe pale mezani, jambo lisilo la kawaida saa za kazi. Alivuta kigoda.

"Baba, tumekwama. Tumekwenda halmashauri kuhusu mfereji. Wanasema hawawezi kujibu kundi la simu. Wanataka barua ya chombo kinachotambulika, yenye muhuri."

"Muhuri tunao," alisema Kijana, akijizuia asitabasamu mapema.

"Najua. Tunauomba."

"Muhuri hauombwi, mwanangu. Barua inapitishwa na mkutano, na mkutano ni wa wanachama."

Binti alimkazia macho. "Tukiingia, tunapiga kura siku hiyohiyo? Au mtatukalisha nyuma miaka kumi tukijifunza kuitikia ndiyo?"

Ikabidi waende kwa Katibu. Katibu akaifungua katiba ya chama, kijitabu alichokifunika kwa gazeti, akafuata mistari kwa kidole. Mwanachama ana haki zote tangu jina lake linapoandikwa. Zote? Zote.

"Nikuambie ukweli, baba," binti alisema wakitoka. "Mfereji ukiisha, huenda tukaondoka."

"Mimi niliingia kwa ajili ya mpira," alisema Kijana. "Mpira ulipasuka mwaka wa pili."

Jumamosi ya mkutano walikuja vijana kumi na wanne. Katibu aliandika umri wa kila mmoja, safari hii akiwauliza wenyewe, na alipofika wa kumi alitua kalamu, akamwangalia Kijana. Tawi limepona. Mabenchi hayakutosha, watu wakasimama mpaka nje, na Kijana alilazimika kugeukia dirishani kwa muda, akijifanya anakagua bawaba. Barua ya mfereji ilipita. Uongozi wa vijana nao ukapata mtu. Binti yake aliukataa, akisema ana kazi za kutosha, wakamchagua mshonaji mmoja wa kike mwenye sauti nyembamba, ambaye cherehani yake Kijana aliitengeneza mwezi juzi. "Asante kwa kututunzia nafasi, mzee," alimwambia. Mzee! Hakuna aliyewahi kumwita hivyo ndani ya chumba kile. Alikaa benchi la mbele, neno hilo likimwingia taratibu kama kiatu kipya.

Ndipo ikafika hoja yake. Wilaya ilikuwa imelipatia tawi mifuko kumi ya saruji, na miaka yote hiyo Kijana alikuwa na ndoto moja: sakafu. Alisimama akasema yote. Kwamba ofisi ni uso wa tawi. Kwamba wazee wanakohoa kwa vumbi. Kwamba waliojenga chumba hiki waliondoka duniani bila kuiona sakafu yake. Alisema vizuri, na wenzake wa zamani wakaanza kupiga makofi.

Mshonaji akanyoosha mkono. "Mzee amesema ofisi ni uso wetu, na ni kweli," alianza. "Lakini mtu anayekuja kutuona anapita kwanza kwenye mfereji. Amesema wazee wanakohoa. Tutanyunyiza maji kila siku badala ya Jumamosi tu, na zamu tumeshapanga. Amesema waliojenga hawakuiona sakafu. Hilo limenigusa, na sina jibu lake. Ila yule mtoto amevunjika mkono. Naomba saruji iende kwenye mifuniko."

Mwenyekiti akafumbua macho. "Wanaokubali hoja ya Kijana?" Mikono minane. Kisha akakwama, kwa sababu hapo ndipo siku zote chai ilipokuwa ikimiminwa. "Na wasiokubali?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ya mtu anayejaribu ufunguo mgeni.

Mikono kumi na minne. Mmoja wao wa binti yake, umenyooka, na macho yake hayakumkwepa baba. Halafu, taratibu, mkono wa kumi na tano: Katibu. "Nimeshawishika," alisema, akaandika matokeo kwa mwandiko wake mzuri.

Kijana alirudi nyumbani jioni akipiga mluzi. Mkewe alikuwa akikunja nguo kitandani.

"Tawi limebaki?"

"Limebaki."

"Na sakafu yako?"

"Wamenigaragaza. Kumi na tano kwa nane. Mwanao mwenyewe kaninyooshea mkono mchana kweupe."

"Halafu unapiga mluzi?" Mkewe aliacha kukunja. "Basi kweli, asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini kufurahi hivi, hapana, leo una lako jambo."

Kijana alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua viatu, akalisugua goti. Alitaka kufanya mzaha, ukamkataa.

"Yule mshonaji waliyemchagua alirudia maneno yangu moja baada ya jingine, akayajibu," alisema. "Miaka yote wale wenzangu wamekuwa wakinikubalia, mama watoto. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu amenisikiliza."

Mkewe alisogeza nguo kando, akakaa karibu naye.