Siku Mtani Alipofungua Bembea

Mimi sijawahi kuwa mpole, na sioni sababu ya kuanza sasa kwa kuwa nimeshika kalamu. Kwa hiyo niseme mapema: mwaka ule wa korona, aliyetaka kuifunga bembea ya baba moja kwa moja hakuwa serikali, wala hakuwa ugonjwa. Alikuwa kaka yangu wa tumbo moja.

Bembea yenyewe ni gurudumu la chuma lililosimama wima, refu kupita paa la nyumba yetu, lenye viti vya watu wawili wawili vinavyoning'inia. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea hapa Ng'ambo, Tabora. Aliliunda mwenyewe kwa vyuma vya malori yaliyokufa, akalisimika kwenye kiwanja cha familia, nyuma ya karakana yake. Halina injini. Linazungushwa na watu wawili, mmoja kila upande, na ukilizungusha tangu asubuhi hadi alasiri huhitaji mtu wa kukuimbia usingizi ulale. Siku za kawaida lilikuwa la watoto wa mtaani. Sikukuu lilikuwa la mji mzima: Idd zote mbili, Krismasi na Mwaka Mpya, maana hapa kwetu mtoto wa Kiislamu na wa Kikristo akishavishwa nguo mpya anaelekea upande uleule. Walikuja hata watoto wa Ipole, wazazi wao wakiwa wameleta asali mjini.

Mikusanyiko ilipokatazwa, baba alilifunga gurudumu kwa mnyororo bila kubishana na mtu. Idd ndogo ikapita kimya. Watoto waliovaa vizuri walikuja kuchungulia kwenye uzio, wakarudi makwao. Baba aliwatazama kutoka mlangoni mwa karakana, akasema wasijali, ya kuchinja itawakuta hapa.

Haikumkuta yeye. Aliugua, akakosa pumzi. Hatukumpima, kwa hiyo sitasema ilikuwa nini. Wengi walisema kwa niaba yetu. Tulimfukiza kwa mwarobaini na malimao mpaka nyumba nzima ikanuka chai ya wagonjwa. Alikufa asubuhi, akazikwa kabla ya adhuhuri, watu wachache wamesimama mbalimbali kama wasiojuana.

Na hapo ndipo kaka alipofanya kosa. Sisi ni Wanyamwezi, na watani wetu ni Wazaramo, tangu enzi za misafara, babu zetu walipotembea kwa miguu na mizigo vichwani kutoka huku hadi pwani. Msibani kwetu mtani ana kazi yake. Anakuja kumwiga marehemu, anavaa nguo zake, anatangaza ubahili wake, analala mlangoni jeneza lisipite mpaka apewe anachotaka. Wageni wakiona wanashtuka. Lakini mtani akishamaliza ufedhuli wake, wafiwa wanakuwa wamecheka na wamelia, na kilio kinatoka chote. Siku ile mtani wetu alikuja, bibi wa Kizaramo aliyeolewa huku zamani, muuza mihogo ya kukaanga jirani na kiwanja chetu. Kaka alimzuia njiani.

"Bibi, samahani," alimwambia. "Msiba huu hauna utani."

Yule bibi aligeuka akarudi kwenye mihogo yake. Tukamzika baba vile vile, kavu. Kaka mwenyewe hakudondosha hata chozi. Nilikasirika, na hasira yangu nilikuwa sijui niielekeze wapi.

Baada ya arobaini akaja na mpango. Kaka anaishi Nzega, anauza vipuri vya malori, na anaamini kila kitu kilichosimama kinaweza kuwa ghala. Gurudumu liuzwe kama chuma chakavu, kiwanja kijengwe ghala la mahindi na pamba. Nilikataa. Akatoa simu. Akanionyesha viwanja vya michezo vya nchi za watu, vikubwa kama miji, vinavyofunguliwa upya baada ya korona. Huku watu wamechorewa alama za kusimamia, mbalimbali. Kule viti nusu vimeachwa vitupu. Kwingine, huko Asia, wapandaji walikuwa wameombwa wasipige kelele treni ya kuchezea inaposhuka kwa kasi mlima wake wa vyuma, wasije wakarusha mate.

"Unaona hao?" alisema. "Wana mashine za ajabu, wana madaktari mlangoni, na bado wanawabembeleza watu warudi. Wewe na vyuma vya mzee utamrudisha nani?"

"Bembea isiyopigiwa kelele ni kitanda," nikamwambia. "Sisi hatufungui kitanda."

Lakini nilipolala nilizigeuza zile picha kichwani. Hata matajiri waliogopa kwamba watu hawatarudi. Mimi nani?

Mama alikuwa ndani ya eda, hatoki, ila masikio yake hayakuwa edani. Alituita wote wawili, akakata shauri. Katazo la mikusanyiko lilikuwa limeshaondolewa, kwa hiyo tufungue Idd ya kuchinja. Watu wakipanda, gurudumu na kiwanja vibaki kwangu, na kaka asivitaje tena. Wasipopanda, chuma kiondoke siku ileile. Kaka akakubali haraka mno, na haraka yake iliniudhi kuliko ghala lenyewe.

Mimi na binti yangu tulisugua kutu mpaka viganja vikachubuka. Tulipaka grisi, tulikaza nati, tukapaka viti rangi ya njano, ndiyo iliyokuwa imebaki karakana. Tuliweka ndoo ya maji tiririka na sabuni kila upande wa lango. Binti yangu aliuliza kama tuweke alama za kusimamia kama za kule. Nikamwambia aweke. Sikutaka mtu apate sababu hata moja.

Siku ya Idd, baada ya swala, nilifungua mnyororo. Kaka alikuwa ameshafika na kanzu yake nyeupe, na nje ya uzio alikuwa ameegesha lori. Alikuja na lori, siku ya sikukuu. Nilipoliona nilitaka kumtukana, ila mama angesikia.

Watu walikuja. Hilo ndilo lililouma zaidi. Walikuja wengi, na watoto wao wamevaa magauni ya kung'aa na viatu vinavyolia, wakanawa mikono, wakasimama kwenye alama zetu, na hapo wakagota. Kila mama alikuwa amemshika mwanawe mkono. Nikamsogelea mmoja ninayefahamiana naye tangu shule, nikamuuliza kulikoni.

"Dada, usinifikirie vibaya," alisema kwa sauti ya chini. "Aliyekiunda kiti hicho kafa na ule ugonjwa. Huyu atapanda mwakani, Mungu akipenda."

Nilirudi kwenye gurudumu, nikalizungusha tupu. Binti yangu upande wa pili alikuwa anazungusha huku analia, na mimi nikamwambia aendelee. Viti vya njano vilipanda na kushuka bila mtu. Kaka aliangalia saa yake, akaliangalia lori.

Ndipo lango likazibwa. Yule bibi muuza mihogo alikuwa amelala chali katikati ya njia, amevaa ovaroli la baba. Lilikuwa lilelile lenye matundu ya cheche, na miwani yake ya kuchomelea ilikuwa kichwani. Mama ndiye aliyempa, nilijua baadaye, alimpitishia dirishani alfajiri bila kutuambia.

Nilimkimbilia. Nilidhani anakuja kunimalizia siku.

"Shikamoo bibi. Tafadhali inuka, leo nina shida."

"Marahaba, mpagazi wangu. Siinuki. Baba yenu mlimzika kimyakimya kama mnaiba. Mimi mtani wake nikafukuzwa kama mbuzi. Hapa hapiti mtu, hapandi mtu, mpaka faini yangu ilipwe."

Watu wakaanza kusogea. Alama za kusimamia zilisahaulika zote. Kaka akaja mbio, akamwambia atampa kuku, atampa doti ya khanga, aseme tu.

"Kuku nitakula mwenyewe kwangu," akasema yule bibi. Aliinuka, akatembea mwendo wa baba kabisa, mguu wa kushoto ukiburuzika kidogo, mkono mmoja kiunoni. Kicheko kikapita kwa watu waliomjua. "Babu zako walibeba pembe za babu zangu mpaka pwani, hawakuchoka. Wewe leo nataka ubebwe. Panda humo."

"Bibi, mimi mtu mzima."

"Na marehemu alikuwa mtoto? Panda, mpagazi. Au unakiogopa kiti cha baba yako?"

Mtani hakasirikiwi. Ukikasirika faini inaongezeka, na kila mtu pale Ng'ambo alijua. Kaka aliangalia huku na huku akitafuta wa kumtetea, akakutana na uso wangu, akaona hakuna msaada. Akakunja kanzu, akakaa kwenye kiti cha njano. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri. Sikumwambia.

Bibi akashika upande wa binti yangu, mimi wangu, tukazungusha. Kaka alipofika juu ya paa, alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mwanamume mwenye ndevu. Uwanja mzima ukacheka. Tukamshusha, tukampandisha tena, na safari ya pili bibi akasimamisha gurudumu kaka akiwa kileleni kabisa. Akajifuta jasho kwa mkono wa ovaroli, akaanza kazi yake ya msibani. Alisema marehemu alikuwa bahili wa grisi. Alisema alichomelea masufuria ya mtaa mzima yakavuja yote. Alisema alikuwa na sauti mbaya akiimba na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kisha akainua uso.

"Haya, mpagazi. Umefika juu, hakuna anayekuona isipokuwa sisi sote. Mlilie baba yako."

Kaka akalia. Alilia kwa sauti, kiti kikayumba, na mimi huku chini nilikuwa nimeshika chuma kwa mikono yote miwili, nalia na kucheka kwa pamoja, sioni aibu. Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyompenda maisha yangu yote, na bado nilitaka ashindwe.

Tulipomshusha, kanzu yake ilikuwa na mistari ya njano mgongoni. Yule mama niliyesoma naye alikuwa anajifuta macho kwa ushungi. Mwanawe akamponyoka mkono, akakikimbilia kiti kabla hata hakijatulia, na mama mtu akamfuata akaketi naye. Baada ya hapo sikuwahi kuhesabu. Viti vilijaa, foleni ikafika barabarani, na kelele zilikuwa zile zile za miaka yote, labda na zaidi.

Dereva wa lori akaingia, akamuuliza kaka wapakie saa ngapi. Nilijibu mimi, bila kuacha kuzungusha.

"Chuma hiki kina watu juu," nikamwambia. "Kama una mtoto, kamlete."

Kaka alifungua mdomo. Pembeni yake alikuwa amesimama bibi ndani ya ovaroli la baba, mkono kiunoni, anamsubiri aseme. Akampungia dereva mkono aondoke. Lori likarudi Nzega tupu.