Nilikonda kwa tisane ya majani, posa ya muloko yangu ikakwama

Bakubwa na bamama wa hapa jukwaani, mujambo wote. Niko Mama Junior, wa Lubumbashi, commune ya Kampemba. Kila siku nasoma nyuzi zenu na kucheka, leo ni zamu yenu municheke mimi.

Yote ninaandika hapa ilinifikia mimi mwenyewe, sikuongeza chumvi. Kiswahili yetu ya huku muizoee tu. Muntu anakuya kusahihisha apite na njia yake.

Niliona dada mumoja hapa anauliza kama dawa za majani za kupunguza mwili zinafanya kazi. Dada, zinafanya. Kaa chini nikuelezee vile zinafanya.

Asili yangu niko muntu wa kilo. Huku kwetu hiyo si shida, tena ni sifa. Muke akiolewa, akanona, bantu banasema bwana yake iko muzuri, anamulisha. Akikonda, banaanza kuuliza maswali.

Bon. Muloko yangu Mado, mutoto wa mwisho kwa mama yetu, alipata muchumba. Patrick, kijana wa Kipushi, mupole, anasalimia bantu na mikono mbili.

Mado alikuwa amengoja sana. Mbele Patrick hajakuya, bachumba bengine bawili balikuya mpaka kwa mulango na habakurudi tena. Kwa hiyo tulipopanga siku ya kuleta dot, ni kusema mahari, nyumbani tulikuwa tunatembea pole pole kama bantu banabeba mayai.

Tukachagua kikwembe moya, kitenge ya kufanana kwa famille yote. Couturière, fundi wa nguo, akachora modèle, kiuno ya kubana, chini mukia wa samaki. Kwa Mado ilikaa muzuri sana. Kwangu mimi, zip ilifika katikati ya mugongo ikakataa.

Couturière akaniangalia na huruma, akaniita yaya, ni kusema dada mukubwa. "Yaya, kitambaa ya kuongeza imeisha. Labda upunguze weye."

Njo nikaenda kutafuta tisane, ile chai ya majani ya kukondesha.

Mama moya ku soko, anauza sabuni na mafuta ya ngozi za kutoka ngambo ya mupaka, akanitolea pakiti. Mbele kuna picha ya muke mwembamba anacheka peke yake. Nyuma kumeandikwa "100 % naturel", basi. Majani gani, hakuna.

Nikamuuliza. Akajibu, "Ni majani, mama. Hata sombe ya muhogo ni majani." Nikaona huyu mama ana akili.

Nilimuambia bwana yangu tu, Baba Junior. Yeye iko fundi wa magari, muntu wa maneno kidogo. Nikamukataza kusema kwa muntu yeyote, maana famille yangu bakijua ninakunywa dawa ya kukonda, batanicheka mpaka nizeeke.

Akasema, "Mimi sikuona kama kuna kitu ya kupunguza." Nikafurahi kabisa, lakini zip ni zip.

Sasa faida. Sitaki kuwa muongo, ziko. Kilo zilitoka kweli. Hamu ya kula mandazi ilienda. Zip ikapanda mpaka juu, couturière akapiga mikono.

Hasara sasa. Ile tisane haina adabu, saa inachagua yenyewe. Nilijua WC zote za Kampemba, mpaka za bantu tulikuwa hatusalimiani. Kanisani nikaanza kukaa kiti ya nyuma karibu na mulango, padri akafikiri imani yangu inapungua. Moyo ulikuwa unapiga mbio na mimi nimekaa tu, hiyo franchement iliniogopesha.

Tena mafuta hayatoki pale unataka weye. Tumbo ilibaki nafasi yake. Kitu iliondoka ni sura. Mashavu yote yalienda, macho yakabaki makubwa, shingo ikatoa mifupa. Mimi kwa kioo niliangalia kiuno. Bantu bengine balikuwa banaangalia sura.

Siku ya dot ikafika. Belle-famille, bantu ba Patrick, bakatoka Kipushi, bamevala muzuri, na makasha ya bia na mbuzi.

Kwa upande yetu mukubwa ni Tonton Kaumba, kaka ya mama. Analima huko Kasungami, hatukuonana tangu mvua ilianza. Nikaenda kumusalimia. Akanishika mukono, akanigeuza upande huu, akanigeuza upande ule. Nilifikiri anasifu modèle.

Tukakaa. Musemaji wa Patrick akaanza maneno yake matamu, kwamba bameona ua muzuri mu hii nyumba. Tonton akamusimamisha na mukono.

"Mbele ya kuzungumza ua la pili, tuangalie la kwanza. Bukwe, simama."

Bukwe ni mukwe, na huyo bukwe wa kwanza iko bwana yangu. Akasimama.

"Tulikupa mutoto yetu na mashavu yake. Leo naona macho na meno. Kwako anakula nini?"

Bageni bakaanza kuangaliana. Tonton akageukia Patrick.

"Kijana, mufano uko mbele yako. Kama bakwe wa hii nyumba banakausha batoto yetu, mimi sitoi mwingine leo. Rudini na mbuzi yenu, sisi kwanza tuchunguze."

Mama ya Patrick akavuta sac yake ya mukono kwa magoti, tayari kusimama. Mado alikuwa nyuma ya pazia, maana bibi harusi haonekani mpaka aitwe. Niliona mukono wake kwa mudomo. Alikuwa anafikiri huyu naye anaenda sawa na bale bengine.

Na bwana yangu, bakubwa, hakunitaja. Neno moya tu lingemuokoa. Akaangalia chini, akasema, "Tonton, kosa ni yangu. Nitaleta mbuzi ya kuomba samahani."

Hakunigeukia hata kidogo. Nilikuwa nimemukataza, basi alikatazika. Nilimupenda ile saa kuliko siku ya ndoa yetu.

Nikasimama. "Tonton, huyu hana kosa. Ni mimi nilikunywa dawa ya kukonda, nguo iingie."

Hakuna aliyeelewa. Tonton akauliza, "Ulilipa ili ukonde?"

"Ndiyo, Tonton."

"Mu hii mji bantu banatafuta bukari, weye unanunua njaa?"

Bakubwa bakatoka kuzungumza pembeni. Bakarudi na hukumu. Baba Junior akae, apewe bia ya kwanza, iko bukwe wa kweli. Mimi nikule bukari, ule ugali wetu, mbele ya famille mbili, sahani nzima, bageni baone kama kwetu chakula iko. Sahani ikiisha, posa itaendelea.

Bakaleta. Bukari kubwa, sombe, bitoyo, yaani ule samaki wa chumvi, na mawese juu.

Sasa kulikuwa na kitu sikusema kwa muntu. Ile asubuhi nilikunywa tisane mara mbili, ili zip isinisumbue.

Matonge ya kwanza yalishuka. Halafu tumbo ikaanza kuongea. Famille mbili bananiangalia, Patrick anatoka jasho kuliko mimi, Mado kwa pazia anafanya ishara, kula, kula.

Nikikimbia, posa imekufa, batasema hata chakula anaiogopa. Nikibaki, munajua wenyewe. Nikabana miguu, nikabana meno, nikameza. Katikati ya sahani zip ikapasuka, nikasikia upepo kwa mugongo, sikujali. Nilifuta ile sahani na kidole.

Tonton akasema, "Tunatoa mutoto." Bigelegele bikaanza. Mimi nilikuwa nimeshafika uani.

Nilisikia bageni banasema yaya ya Mado ana upendo, amekimbia kulia kwa furaha. Kulia nililia kweli, huko nilikuwa.

Kesho yake nilienda centre de santé, kituo cha afya. Muganga akanieleza kwamba mingi ya hizi tisane ni dawa ya kuendesha tumbo, kitu inatoka mingi ni mayi na chumvi ya mwili, njo maana moyo ulikuwa unakimbia. Akaniambia muntu wa tension, damu ya kupanda, au mwenye mimba asiguse kabisa. Kilo zangu zilirudi mbele hata picha za dot hazijatoka.

Funzo yangu ni hii. Kuandika "naturel" si kuandika majani gani. Kama muuzaji hajui, na weye hujui, tumbo yako njo itajua ya kwanza. Uliza muganga mbele ya kunywa, si nyuma. Mimi siku hizi natembea asubuhi na bwana yangu, mafuta nimepunguza, kilo zinatoka polepole na mashavu yamebaki.

Nilimuuliza Baba Junior juu ya nini alikubali kosa isiyo yake. Akasema, "Ulinikataza kusema. Mbuzi ni mbuzi tu."

Haya, na weye uliyekunywa hizi dawa, zilikufikisha wapi? Andikeni hapa chini. Na bale banauza, bapite kwanza batuambie ni majani gani.