Kaka Mkubwa na Besi Yake

Katika bendi moja ya roki, mpiga gitaa la besi ndiye kaka mkubwa, na magitaa mengine mawili yako mikononi mwa wadogo zake, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Yeye ndiye aliyewafundisha, kwenye gereji ya baba yao, akiwagongea mdundo kwa kisigino. Mpaka leo hufika wa kwanza, akapangusa spika, akainamisha sikio na kuzikaza nyuzi zake nne taratibu, kisha akakaza na za wadogo zake. Siku hizi wao hutunga kwa kompyuta. "Kaka, wewe piga tu," humwambia. "Mkubwa jalala," hujibu akicheka, na vidole vyake vyenye sugu hupiga.

Jumamosi, katikati ya wimbo, uzi mnene ulimkatikia mkononi. Besi ikaendelea kunguruma, safi, bila kukosea hata mahali pamoja. Kumbe iliyokuwa ikisikika ni ya kompyuta. Alimtazama mdogo wake wa kike. Mdogo mtu akawageukia watazamaji. Basi naye akachezesha vidole mpaka mwisho, akainama na wenzake kupokea makofi.

Tangu siku hiyo hupanda jukwaani na nyuzi tatu. Za wadogo zake bado huzikaza. Hakuna aliyemuuliza kuhusu uzi wa nne.