Gari Lenye Injini Mgongoni

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiinama kuchuma chai inanirudia yote: umande ungali kwenye majani, watu wamevaa nguo za harusi, na ndugu yangu Ombui amesimama kando ya gari aliloliunda mwenyewe, amenyoosha mkono nimpe ufunguo. Nami simpi.

Keti nikueleze. Najua wewe na wenzako mmeanza kuunganisha vyuma pale nyuma ya nyumba, nimewaona. Msinifiche. Katika ukoo huu hakuna mtu asiyefaa kumkataza kijana kuunda gari kuliko mimi.

Tuliishi hapa hapa Gesima. Baba alifariki tungali wadogo, akatuacha na mama na shamba hili. Ombui, mdogo wangu, alikuwa fundi katika gereji moja ya soko la Nyaramba, na kila mwisho wa wiki alirudi nyumbani. Mimi nilisomea uchomeleaji chuo cha ufundi, msichana peke yangu kati ya wavulana, kisha nikawa natengeneza mageti na madirisha ya watu. Wengine walisema mikono yangu itanikosesha mume. Nilimpata, tena mzuri, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Ombui alikuwa ameona kwenye kalenda ya gereji picha ya gari la mashindano, fupi, la chini, lenye viti viwili tu. Injini yake haikuwa mbele kama magari tuliyoyazoea. Ilikaa nyuma ya viti, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma.

"Dada," akaniambia, "uzito ukikaa katikati hivi, gari linageuka kama mbuzi kwenye mteremko. Na milima yetu hii! Wewe unajua kuchomelea, mimi najua injini. Tunangoja nini?"

Tukapata gari dogo la mwalimu mmoja lililokuwa limegongwa nyuma likakunjika, lakini mbele lilikuwa zima. Wazo la Ombui lilikuwa kuitoa sehemu yote ya mbele, injini, gia na magurudumu yake, na kuipeleka nyuma ya gari letu jipya. Fremu niliichomelea mimi kwa vyuma vya mraba. Mwili tuliukunja kwa mabati, tukiyagonga juu ya mfuko wa mchanga mpaka yakakubali kuinama.

Siku ya kwanza injini ilipowaka, mama alikimbia kutoka jikoni na mwiko mkononi akidhani nyumba imelipuka. Siku ya pili Ombui alitia gia ya kwanza, gari likarudi nyuma kwa kishindo na kuingia kwenye migomba. Nyaya za gia tulikuwa tumezifunga kinyume. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kwa kuwa chini ya boneti palikuwa patupu, kuku wa mama alihamia humo akataga mayai, na mama akatuonya kwamba gari haliendi popote mpaka vifaranga watoke. Tulingoja.

Sasa sikiliza hapa, kwa maana hapa ndipo penye jambo. Yale magurudumu tuliyoyapeleka nyuma yalizaliwa kuwa ya mbele, kwa hiyo yalijua kukata kona. Nyuma hayatakiwi kukata kona. Tukayafunga kwa fimbo mbili za chuma, moja kila upande, yasigeuke kamwe. Fimbo moja ikikatika gari likiwa mbioni, gurudumu la nyuma linajiendea linakotaka, na dereva hana la kufanya.

Binamu yetu Mogaka alikuwa anaoa Jumapili moja, katika kanisa la ng'ambo ya bonde. Ombui akamwahidi kuwa atampeleka kwa gari letu. Habari zikaenea mpaka sokoni. Ijumaa mchana tukalijaribu kwenye uwanja wa shule, na kila likikata kona nikasikia mlio mdogo upande wa kushoto nyuma. Nikaingia chini. Pale bamba la kushikilia fimbo lilipoungana na fremu, rangi ilikuwa imepasuka mstari mwembamba kama unywele.

"Ni rangi tu," Ombui akasema. "Tutalitazama baada ya harusi."

"Nilichomelee upya kwanza."

"Basi chomelea Jumapili asubuhi kabla hatujatoka."

Jumamosi ni Sabato, nyumbani kwetu hagusi mtu spana. Jumapili alfajiri nikaamka kuwasha mashine yangu. Umeme haukuwepo. Nikangoja, nikangoja, haukurudi. Na watu wakaanza kufika uani, Mogaka katika suti yake, shangazi zetu, vijana wa kanisa, hata majirani ambao hatukuwa tukisalimiana nao. Ombui alikuwa amelisugua lile gari jekundu mpaka unauona uso wako humo. Mwanangu, sijawahi kumwona mtu amefurahi namna ile.

Nilikuwa nimeutia ufunguo mfukoni mwa rinda langu. Akaja, akanyoosha mkono.

"Lete, dada. Tumechelewa."

"Gari haliendi leo."

Akacheka kidogo, akawatazama watu. "Kerubo, acha mchezo."

Laiti ningeishia hapo! Au ningemvuta kando nyuma ya nyumba. Lakini niliona ananyoosha mkono tena, nikaona Mogaka ameshafungua mlango, na woga wangu ukageuka hasira. Nikapaza sauti kila mtu asikie: "Ombui hajui anachofanya! Ni mtoto anayecheza na mabati, na atawaua!"

Mtu mmoja akacheka, na wengine wakamfuata. Mogaka akafunga mlango polepole, akapanda pikapu ya mjomba. Ombui alibaki amesimama na mkono umenyooka vile vile, kana kwamba amesahau kuurudisha. Halafu akaingia ndani, akavua koti lake, akatoka kwa njia ya shambani. Harusini hakuja. Jumatatu tukasikia ameacha kazi Nyaramba na kwenda Kisii mjini.

Gari tulilifunika turubai. Nami, nikuambie ukweli, nilijiona nimefanya haki. Niliyatembeza maneno hayo kila mahali: nimeokoa watu, nimeokoa watu.

Siku moja tulikuwa tunachuma chai na mama, kila mtu kwenye mstari wake. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Akasema bila kuniangalia, "Kerubo, ulimzuia ndugu yako, na mimi nakushukuru. Nina mwana kwa sababu yako."

Nikatabasamu.

"Kumzuia kulihitaji maneno matatu," akaendelea, vidole vyake vikikata majani. "'Gari haliendi leo.' Nilihesabu kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale. Hayo mengine uliyatoa wapi?"

Nikainama zaidi juu ya majani.

"Alikuwa mtoto anayecheza na mabati? Na fremu alichomelea nani? Ulitaka asife, vizuri. Lakini ulimwacha hai bila uso wa kuwatazama watu. Mtu anaishi vipi bila uso, mwanangu? Nenda ukamrudishie. Na usimrudishie kwa siri, maana hukumnyang'anya kwa siri."

Nililia pale katikati ya chai, na mama akaniacha nilie. Alipoona nimemaliza akaniambia nijaze kikapu, gari la kubeba chai linakaribia.

Nilimkuta Ombui katika gereji moja ya Kisii mjini, amelala chini ya lori, na mafundi wengi wamemzunguka. Nikaita jina lake. Alipotoka na kuniona, akapangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama ni mgonjwa?"

"Mama ni mzima."

"Basi?"

Nikawageukia wenzake. "Mimi ni dada ya Ombui. Mbele ya watu nilisema ndugu yangu hajui anachofanya. Nilisema uongo. Aliwaza gari zima kichwani mwake na likawaka. Kilichopasuka ni kazi yangu, mahali nilipochomelea mimi, na niliogopa, nikamtukana yeye." Kisha nikamgeukia. "Nisamehe, ndugu yangu. Gari bado nisingekuruhusu uliendeshe. Lakini yale maneno hayakuwa yako kuyabeba."

Fundi mmoja mzee akavua kofia, sijui kwa nini. Ombui alitazama chini.

"Unajua kilichoniumiza?" akasema. "Watu wangecheka, sawa. Hata nilipowaonyesha kalenda ile walinicheka. Lakini wewe ulikuwa upande wangu."

"Bado niko."

Hakurudi nami siku hiyo. Usifikiri msamaha ni swichi ya taa. Alikuja baada ya muda, Jumapili, bila kusema anakuja. Nilisikia turubai inavutwa. Tukalikata lile bamba pamoja, na lilipotoka, tukaona ufa ulikuwa umekula chuma karibu chote; kilichobaki kingeweza kuvunjwa kwa mkono. Ombui akakivunja kwa mkono. Akakaa chini kwenye nyasi nacho, akasema, "Mogaka angekuwa upande huu." Nilimshika bega na tukakaa hivyo.

Tulitengeneza bamba jipya nene maradufu, nikalichomelea pande zote, naye akakagua kila mshono bila haya nami bila kununa. Tulilijaribu uwanjani tukiwa tumelipakia magunia ya mawe, mpaka vijana waliokuja kutazama wakachoka wakaenda zao. Ndipo tukalitoa barabarani.

Abiria wa kwanza alikuwa mama. Alivaa nguo ya kanisani. "Mbona mmeniketisha chini hivi," akalalamika, "nimekuja kufagia barabara?" Nilisimama langoni nikawaona wanashuka bondeni, wanavuka daraja, wanapanda ng'ambo, gari linakata kona moja baada ya nyingine limetulia kabisa, na wachuma chai wote wamesimama wima na vikapu mgongoni, wanapiga vigelegele. Mama alikuwa amemshika Ombui mkono mmoja wakati wote. Ombui aliniambia baadaye kwamba ilimbidi abadilishe gia na mkono wa mama ukiwa juu ya wake.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikie. Mkiunda hicho chombo chenu, mpeni mmoja wenu haki ya kusema "haliendi leo", na akisema, mtiini hata kama uwanja umejaa watu. Watu wakiondoka bila kuona gari, watarudi siku nyingine. Na wewe ukiwa ndiye wa kusema, sema kwa sauti ya chini, useme linalotosha, kisha unyamaze. Usimkemee mwenzako kwa hofu yako. Ukikosea mbele ya watu, tafuta watu, ukatengeneze mbele yao. Na anayekuzuia usidhani anakuonea wivu. Mwulize ameona nini, kisha uingie chini ya gari pamoja naye ukatazame.

Nyasae, Mungu aliyemsikia mama yangu, akulinde kwenye miteremko yote. Akupe mikono yenye subira, akupe ndugu wa kukuambia ukweli kwa upole, na moyo wa kuupokea. Kila unapotoka, ufike salama. Na kila unapofika, uwakute watu wanaofurahi kukuona.