Baiskeli ya Mwenzangu

Mie na mwenzangu tulianza ukarani siku moja, kiwanda kimoja pale Temeke. Mie nikabaki kusaini daftari la mahudhurio kila asubuhi. Yeye akapewa baiskeli ya ofisi azungukie maduka ya ushirika, saa zake ajipangie mwenyewe. Roho iliniuma, nisiseme uongo.

Jumapili moja nikaenda kwake nikaione hiyo raha. Nilimkuta amekonda, anaandika ripoti, wali umepoa pembeni. Mkewe akaniuliza, “Shemeji, nyie wenzake mnatokaga kazini saa ngapi? Huyu tangu apewe baiskeli hajatoka.”

Nikampa pole, tena ya dhati. Jumatatu, hata daftari sijasaini, nikaingia kwa meneja kumweleza kuwa mwenzangu anaumwa, baiskeli nipewe mie.