Umeme wa Jiji Unaishia Chumba cha Chini

Sijui kama nina haki ya kukasirika hivi. Niliishia darasa la saba, na mambo ya umeme ni ya waliosoma.

Jirani yangu katika jengo letu la ghorofa hapa South Beach, mama wa Kikongo, alifiwa na mumewe. Wenzake walichanga samaki na nyama za matanga, wakaweka kwangu kwa sababu mwenye friza kubwa ni mimi. Mazishi yalikuwa Jumapili. Ijumaa umeme ukakatika upande wetu wote, na tokeni nilizolipia bado ninazo.

Nilikwenda ofisi ya jiji nikafoka. Dada wa dirishani alinisikiliza, akanieleza kwamba wao humuuzia mwenye jengo umeme wa jumla, unaishia chumba cha mita, chini kabisa. Kutoka hapo kupanda juu, muuzaji ni kampuni aliyoileta mwenye jengo. Nilimwomba radhi, kosa halikuwa lake.

Kampuni wakasema wana mvutano na mwenye jengo, nimuulize yeye. Yeye simu hapokei. Nikapiga kwa wasimamizi wa umeme wa nchi nzima. Mtu mpole tu. Akasema ndiyo, wanasimamia, ila nianze kumlalamikia muuzaji kwa maandishi. Nikauliza muuzaji ni yupi kati ya hao.

Akajibu, “Hilo mama, utuambie wewe.”

Jumamosi samaki walikuwa wameanza kunuka. Niliogopa: watu wangesema nimewauza. Akina mama wakateremsha vyungu, wakawasha mkaa kwenye maegesho ya magari waokoe nyama. Moshi haujafika hata ghorofa ya pili, huyo wakala wa mwenye jengo, kaja mbio. Moto ni marufuku. Na kweli, sheria ni nzuri, watoto wanacheza pale.

Mfiwa, ambaye hakutakiwa hata kutoka ndani, akamsogezea kiti. “Papa, kumbe uko. Ikaa basi. Tulikuwa tunakutafuta.”

Wakamzunguka. Akapiga simu moja, umeme ukarudi.

Simu moja! Labda mvutano wao ulikuwa na sababu, sikatai. Lakini mkaa wetu ulikuwa na msimamizi, umeme wetu hauna.

Samaki tulitupa. Siku ya matanga watu walipokaa kula, mfiwa alisimama mwenyewe akawaambia, “Samaki haiko. Huyu dada hana kosa. Mwenye kosa, mimi pia sijaambiwa ni nani.”